Kutoka Tanga hadi Kisiwa cha Deception: namna ya kufika kisiwa cha barafu kisicho na wenyeji

Kazi kubwa ya safari hii inafanyika Tanga, si kwenye barafu. Ukishapanda meli kule kusini mwa dunia utakuta watu wa kukuongoza kila hatua, hadi namna ya kumshika mkono baharia unaposhuka kwenye boti. Lakini hakuna atakayekukumbusha mapema kwamba viza yako ni ya kuingia mara moja tu, au kwamba jaketi ulilonunua kwenye mitumba ya Ngamiani lina mbegu za kishonanguo mfukoni. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana nyumbani kabla haujaondoka.

Kwanza, chagua kisiwa kinachofikika

Mtu akisikia habari za visiwa vya ncha ya kusini hukimbilia kutaja Bouvet. Kiache. Bouvet ni cha Norway, kina kilomita za mraba 49 tu, na zaidi ya asilimia 90 yake imefunikwa na barafu. Nchi kavu iliyo karibu nacho ni pwani ya Antaktika yenyewe, lile bara la barafu la ncha ya kusini, umbali wa kilomita kama 1,700. Ni hifadhi tangu 1971, hakina bandari, kuta zake zimesimama wima kutoka baharini, na mara nyingi wanaoteremka hutumia helikopta. Wanaokwenda ni watafiti, pamoja na wale wapenzi wa redio za mawasiliano wanaochangishana fedha kwa miaka ili wapige redio siku chache kutoka huko. Heard, kisiwa cha Australia, ni karibu wiki mbili za bahari kutoka Fremantle, bandari ya magharibi mwa Australia. Kisiwa cha Peter I nacho kimezingirwa na barafu ya bahari sehemu kubwa ya mwaka.

Kinachofikika kwa mtu wa kawaida ni Deception, katika Visiwa vya Shetland Kusini, karibu nyuzi 63 kusini. Ni volkano iliyo hai. Kitovu cha mlima kiliporomoka zamani, bahari ikaingia kwa upande mmoja, na sasa ukikitazama kwenye ramani ni kama bangili iliyokatwa. Kililipuka 1967, 1969 na 1970. Hakijawahi kuwa na wenyeji. Kuna vituo viwili vya utafiti, kimoja cha Argentina na kingine cha Hispania, navyo hufunguliwa kiangazi cha huko tu, yaani kati ya Novemba na Machi. Huo ndio msimu wako pia. Nje ya hapo hakuna meli ya abiria.

Sasa gharama, maana hapa ndipo wengi wataishia. Nafasi ya bei nafuu kwenye meli ya siku kumi hivi huanzia dola elfu tano za Marekani, na wengi hulipa zaidi ya hapo. Tiketi ya ndege ni juu yake. Utasoma mahali kwamba ukifika Ushuaia, mji wa bandari kusini kabisa mwa Argentina ambako meli hizi huondokea, bila kupanga utapata nafasi ya dakika ya mwisho kwa bei ya kutupa. Kwa Mzungu anayeingia Argentina bila viza, sawa. Kwa Mtanzania ambaye viza yake inaombwa kwa kuonyesha tiketi ya meli, ushauri huo haufai.

Njia ya pili ni kazi. Meli hizi huajiri wapishi, wahudumu, wasafisha vyumba, mafundi na mabaharia, na Tanga haijawahi kupungukiwa na watu wa bahari. Utahitaji mafunzo ya msingi ya usalama baharini yanayotambulika kimataifa, na hapa nchini Chuo cha Bahari Dar es Salaam ndicho cha kuanzia kuulizia. Mfanyakazi haahidiwi kushuka kisiwani; hushuka siku kazi inapomruhusu na boti ikiwa na nafasi. Na wakala anayekuomba ulipie "nafasi ya kazi melini" kabla hujaona mkataba, mwache hapohapo kijiweni umalize kahawa yako.

Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku utakayorudi. Halafu viza ya Argentina. Ubalozi ulio karibu uko Nairobi, na kwa mtu wa Tanga huko si mbali sana: mpaka wa Horohoro, Mombasa, kisha treni au basi. Piga simu kwanza uulize wanataka nini na kama kuna kitu cha kutafsiriwa kwa Kihispania. Kwa kawaida utaombwa taarifa ya benki, barua ya kampuni ya meli, tiketi ya kurudi na ushahidi wa kazi au biashara.

Omba viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikiondoka Ushuaia kwenda Antaktika, umetoka Argentina. Ikirudi, unaingia upya. Mwenye viza ya mara moja atakuwa amesimama gatini na pasipoti isiyo na kazi. Angalia pia ratiba ya meli: nyingine hupitia Visiwa vya Falkland, vilivyo chini ya Uingereza na vyenye masharti yake, hivyo uliza kama utahitaji ombi jingine.

Ruhusa ya kukanyaga Antaktika huiombi wewe. Eneo lote la kusini ya nyuzi 60 liko chini ya Mkataba wa Antaktika uliosainiwa Washington mwaka 1959, na Tanzania haimo kati ya nchi wanachama. Kampuni ya meli ndiyo inayoomba kibali kwa nchi yake kwa niaba ya wote waliomo. Kwa hiyo chagua kampuni iliyo mwanachama wa IAATO, umoja wa waendesha safari za huko ulioanzishwa 1991. Wanachama wake hawashushi watu zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Ukiona bei imeshuka sana, uliza meli inabeba wangapi. Unaweza kulipa dola elfu kadhaa ukaishia kutazama kisiwa kwa dirisha.

Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku kumi kabla ya kuondoka, maana cheti hakianzi kufanya kazi kabla ya hapo. Tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Bima iwe inayogharamia kuhamishwa kutoka Antaktika kwa jina, si "dunia nzima" ya maneno matupu. Kampuni nyingi hazitakuruhusu kupanda bila hiyo.

Nguo: mitumba inatosha

Usiagize kitu ng'ambo. Majaketi ya baridi yamejaa Ngamiani, na sababu ni ileile kwamba watu wa nchi za baridi wanayatupa yangali mazima. Mshindani wako ni dereva wa bodaboda anayetafuta la kuvaa usiku, na yeye anajua kuchagua. Fika asubuhi belo linapofunguliwa.

Kabla ya jaketi, elewa mpangilio. Baridi ya kiangazi cha Deception huwa karibu na nyuzi sifuri, juu kidogo au chini kidogo. Hiyo peke yake inavumilika. Kinachoumiza ni upepo na maji. Kwa hiyo unavaa tabaka tatu: ndani nguo ya kubana mwili, ya sufu au polista, katikati sweta zito la sufu au lile la manyoya laini, juu kitu kisichopitisha upepo wala maji. Pamba haina nafasi hapo. Jinzi ikilowa inakaa imelowa, na inakunyonya joto hadi urudi melini. Fulana ya pamba ikishika jasho ni vilevile.

Jaketi la juu likague hivi. Ligeuze ndani nje utazame mishono: lililotengenezwa kwa mvua lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, na utepe ukianza kubanduka, rudisha mezani. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, upepo utapita pia. Mwagia maji kidogo begani. Yakijikusanya matone na kuteleza, zuri. Yakinywewa na kitambaa, hilo ni la bodaboda. Vuta zipu huku umevaa glovu nene, maana huko hutaivuta kwa mikono mitupu. Chukua saizi moja kubwa kuliko yako ili tabaka za ndani zikae. Muuzaji akisema ni "la theluji kabisa", mwambie ndiyo, halafu endelea kupatana bei.

Kuna meli zinazogawa jaketi bure na kuazimisha mabuti, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Suruali isiyopitisha maji ndiyo wasiyogawa na ndiyo ngumu kupatikana, hivyo anza kuitafuta mapema. Glovu chukua jozi mbili, za ndani nyembamba na za juu zisizopitisha maji. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua. Akina mama na akina dada wanaojistiri: mtandio unaobana vizuri chini ya kofia ni bora kuliko skafu inayoning'inia, na baibui refu liache chumbani, vaa suruali pana ya mvua na jaketi linalofika magotini. Nguo inayopepea ndani ya boti ya mpira yenye injini ni hatari kwa kila mtu.

Ukitaka kujaribu seti nzima, panda Lushoto mwezi wa Julai ulale usiku mmoja, alfajiri utembee kilima. Baridi ya Lushoto haifikii ile, lakini hilo silo unalolijaribu. Unajifunza kufungua zipu kabla hujatoka jasho. Mtu wa pwani akiona baridi anajifunika kila kitu kisha anatembea haraka. Nusu saa baadaye amelowa kwa ndani, akisimama anatetemeka.

Sasa yafanye hayo mavazi kuwa safi kupita kiasi

Hii ni hatua ambayo wasafiri wa kwetu wataiona ya ajabu, nami naona ndiyo yenye maana kuliko zote. Kabla ya kushuka, kila abiria hukaguliwa mifuko, mikunjo ya suruali, nyayo za viatu na hasa zile kamba za kunata za velkro. Wanatumia kibano na mashine ya kufyonza vumbi. Wanatafuta mbegu. Nyasi moja ya kawaida, Poa annua, ilishafika Kisiwa cha King George, jirani katika visiwa hivyohivyo, ikaota na kuenea karibu na kituo cha utafiti.

Fanya ukaguzi huo Tanga, kwenye mwanga wa jua, na sindano ya kushonea mkononi. Velkro ya jaketi la mtumba ina historia ndefu: nywele za mbwa, nyuzi, na chembe za majani ya nchi usiyoijua. Chomoa moja moja. Pindua kila mfuko, kung'uta, kisha pitisha kidole kwenye mshono wa chini. Kama ulivaa nguo hizo Lushoto, kishonanguo kimo, usijidanganye. Viatu vipige mswaki kwa sabuni hadi kwenye vijinafasi vya soli. Begi la mgongoni nalo lifue.

Tumbo

Kutoka Ushuaia meli inakata Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo unaozunguka dunia nzima katika latitudo hizo, na mawimbi yake siku mbaya hufika mita 8 na zaidi. Siku nyingine hutulia, lakini usiipangie safari siku hiyo.

Aliyezoea mashua hana kinga. Mashua inaruka juu ya wimbi na wewe unaliona linakuja. Meli inalala upande polepole, inasimama, inalala upande wa pili, nawe uko ndani ya chumba kisicho na upeo wa macho. Nunua vidonge vya kuzuia kichefuchefu duka la dawa hapa Tanga, mweleze mfamasia dawa nyingine unazotumia, na umeze kabla meli haijatoka kwenye Mlango wa Beagle, njia ya maji tulivu inayoanzia Ushuaia. Ukisubiri tumbo lichafuke, kidonge nacho kitatoka. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Kula kidogo kikavu, lala chali, na usishike kingo za milango: vidole vingi vimevunjwa na mlango mzito uliofungwa na wimbi.

Mazoezi ya nyumbani yapo. Nenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani. Hakina kivuli, choo wala maji ya kunywa. Maji yakijaa kinaweza kuzama chote, kwa hiyo unashuka na kuondoka kwa saa ya nahodha, si kwa hamu yako. Unashukia majini na kila ulichobeba unarudi nacho. Nidhamu ndiyo hiyohiyo, baridi tu haipo.

Kuingia na kushuka

Mlango wa Deception unaitwa Neptunes Bellows, na nawashauri wana bahari wawe kwenye sitaha hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Nafasi inaonekana ya kutosha, lakini katikati yake upo mwamba uliojificha mita 2.5 tu chini ya maji, Ravn Rock. Nahodha anauacha kwa kubana upande wa kaskazini, karibu kabisa na ukuta wa mawe. Upande wa pili, kwenye kokoto, iliangamia Southern Hunter, meli ya Waingereza ya kuwinda nyangumi iliyopanda mwamba mwaka 1957. Ukishapita hapo upepo unakatika na unajikuta ndani ya ghuba iliyozungukwa na milima pande zote. Ni ndani ya volkano hapo.

Kabla ya kushuka, nenda chooni. Kisiwani hakuna choo na hairuhusiwi kujisaidia popote, na mtu wa vikombe viwili vya chai ya asubuhi atajuta. Mabuti yanachovywa kwenye dawa. Jaketi okozi linafungwa juu ya yote. Boti ni za mpira, unakaa pembeni juu ya mbavu yake. Kuingia, mwache baharia akushike kiganja chake juu ya kigasha chako, nawe vilevile. Mikono iwe mitupu, kamera ndani ya begi. Kushuka ufukweni, sogea ukiwa umekaa hadi mbele, geuza miguu upande wa nyuma ya boti, kisha teremka. Maji yatafika katikati ya muundi. Vijana wetu wana mazoea ya kuruka chombo kikiwa bado kinatembea. Huko utazuiwa, na wakikuzuia usikasirike.

Ufukwe wa Whalers Bay ni mchanga mweusi, na ukingoni mwa maji unafuka mvuke. Usitumbukize mkono kwa pupa, mahali pengine panaunguza. Utaona mapipa makubwa ya chuma na maboila yenye kutu: Wanorway walichemshia mafuta ya nyangumi hapo kuanzia 1912 hadi 1931, bei ya mafuta ilipoanguka. Waingereza walijenga kituo chao hapohapo mwaka 1944, wakakimbia mlipuko wa 1967, wakarudi, na mwaka 1969 mtiririko wa tope ukapasua nyumba na kufukia makaburi ya wavuvi wa nyangumi. Mabaki yanalindwa. Usiingie ndani ya jengo, usikalie mbao, usiokote msumari wala mfupa wala jiwe.

Wanyama hawakuogopi, ndiyo tabu yenyewe. Kaa mita 5 kutoka kwa pengwini, na mita 15 kutoka kwa sili wa manyoya, ambaye ana meno na mbio usizomdhania. Pengwini akija kwenye njia yako, simama apite. Tangu mafua ya ndege yalipofika maeneo hayo, huruhusiwi kukaa, kupiga magoti, kulala wala kuweka begi chini. Chochote kisichokuwa buti hakigusi ardhi. Chakula hakishuki, hata korosho moja. Simu iweke kifuani chini ya sweta, maana betri hufa haraka kwenye baridi.

Swala na chakula

Wajulishe kampuni habari ya chakula halali wakati wa kuweka nafasi. Ukisema siku ya kupanda, utakula samaki na mboga safari nzima. Kwa kuwa hairuhusiwi kupiga magoti kisiwani, panga kuswali melini. Deception kibla ni mashariki, karibu kamili, si kaskazini kama tulivyozoea Tanga. Muulize nahodha mashariki ya kweli iko wapi, maana sindano ya dira huko haionyeshi kaskazini halisi. Mwezi Desemba jua linazama kwa saa chache na giza kamili haliingii, hivyo alama za isha na alfajiri zinapotea. Wanavyuoni wamelizungumzia suala la nchi za namna hiyo kwa njia zaidi ya moja. Mwendee shehe wako kabla ya safari mkubaliane utafuata ipi.

Kurudi

Usikate ndege ya kurudi siku ileile meli inapofika Ushuaia. Acha angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili, kwa sababu Drake haisomi ratiba. Ndege nyingi kutoka Ushuaia hutua Aeroparque, uwanja ulio mjini Buenos Aires, lakini zile za mabara mengine huondokea Ezeiza, uwanja ulio nje ya mji, na kati ya viwanja hivyo ni safari ya gari ya saa moja au zaidi ukikuta foleni. Kama mizigo yako haijaunganishwa moja kwa moja hadi Dar, utaichukua mwenyewe, utoke nayo nje, utafute basi au teksi. Weka peso za kutosha mfukoni kwa ajili hiyo.